PICHA YA BENDI YA ASKARI: JINSI YA KUISOMA NA KUITUNZA

Picha ya kale ya bendi ya askari ikiwa katika gwaride si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki. Nyingine imetundikwa ukutani. Nyingine imehifadhiwa sandukuni pamoja na hati za shamba na cheti cha ubatizo. Watoto huiona tangu udogoni mwao hata wakaizoea, wala hawaiulizi neno. Siku moja huja hamu ya kuuliza, na mara nyingi siku hiyo mtu ambaye angeweza kujibu amekwisha kuondoka duniani.

Na iwaziwe nyumba moja ya Kiogoro, katika Nyaribari, karibu na mji wa Kisii. Mvua ya alasiri inanyesha juu ya migomba, na mjukuu aliyekuja likizo anaitoa picha katika sanduku la bati. Ni picha ndogo, nyeusi na nyeupe, nayo imekunjika pembeni. Ndani yake wako wanaume ishirini na wanne wenye tarumbeta na ngoma, wamepangwa safu kwa safu, na mbele yao yuko mmoja mwenye fimbo ndefu.

"Nyanya," auliza mjukuu, "babu ni yupi katika hawa?"

"Babu yako ni huyu, wa pili katika safu ya nyuma, mwenye tarumbeta."

"Na hawa wengine ni akina nani?"

"Hao, mjukuu wangu, aliwajua yeye. Alikuwa akinitajia majina yao jioni, nami nikipika. Sikuyashika."

Nyumba hiyo ni mfano tu, lakini jibu la nyanya husikika katika nyumba nyingi. Wanaume ishirini na watatu wanaonekana wazi kwa nyuso zao, na majina yao yamepotea. Hata hivyo picha haijanyamaza kabisa. Mwenye kujua kuisoma aweza kupata habari nyingi ndani yake, na mwenye kujua kuitunza aweza kuzuia hasara isizidi. Somo hili laeleza mambo hayo mawili, pamoja na habari za bendi zenyewe na za jeshi lililokuwa nazo.

ASKARI WA KEYA

Picha nyingi za namna hii zilizopigwa kabla ya mwaka 1963 ni za jeshi lililoitwa kwa Kiingereza King's African Rifles, yaani K.A.R. Kwa kuwa herufi hizo zilikuwa nzito mdomoni mwa watu wengi, wananchi walizigeuza zikawa neno moja, Keya, na askari wake wakaitwa askari wa Keya. Jeshi hilo liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vitatu vilivyokuwako hapo kwanza: kimoja cha Afrika ya Kati, kimoja cha Afrika ya Mashariki, na kimoja cha Uganda. Maofisa walikuwa Waingereza; askari wa kawaida walikuwa Waafrika.

Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Keya lilikua upesi, hata kufikia mwaka 1918 lilikuwa na batalioni 22. Katika Vita Kuu ya Pili askari wake walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakaenda kisiwa cha Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapita katika misitu na matope ya Burma wakiwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Watu wa Gusii nao waliandikwa katika vita hivyo, wengine kubeba bunduki na wengine kufanya kazi za ujenzi na uchukuzi.

Jeshi lolote la askari wa miguu lililofuata desturi za Kiingereza lilikuwa na wapiga buruji na wapiga ngoma. Kazi yao haikuwa kuburudisha tu. Kabla ya simu za upepo kuenea, sauti ya buruji ndiyo iliyowaamsha askari alfajiri, ikawaita kwenye chakula, ikawakusanya kwa gwaride, na usiku ikawaamuru kuzima taa. Ngoma iliwafanya watu mia waende kama mtu mmoja. Tena, kwa desturi ya majeshi ya Kiingereza, vita ilipoanza mpiga tarumbeta aliweka chombo chake chini akashika machela ya kuchukulia majeruhi. Kwa hiyo mtu anayeonekana pichani akiwa na nguo safi na chombo king'aacho huenda alipata pia kuwachukua wenzake walioumia.

NANI ASIMAMA WAPI

Mpango wa bendi katika gwaride si wa kubahatisha. Kila mtu ana mahali pake, na kila mahali pana sababu yake.

Atanguliaye peke yake ni mkuu wa ngoma. Hana chombo cha muziki. Ana fimbo ndefu yenye kichwa cha madini. Bendi ikipiga kwa nguvu, amri ya mdomo haisikiki, kwa hiyo yeye huamuru kwa fimbo. Akiiinua, akiizungusha au akiilaza, wote walio nyuma hujua kama ni kuanza, kusimama, kugeuka au kunyamaza.

Safu ya kwanza nyuma yake mara nyingi ni ya wapiga tromboni. Chombo hicho hutoa sauti zake kwa kusukuma na kuvuta bomba refu mbele ya mpigaji. Wangewekwa katikati, wangewagonga wenzao mgongoni; kwa hiyo hupewa nafasi mbele. Nyuma yao hufuata tarumbeta za aina mbalimbali, zumari za kizungu ziitwazo klarineti, na tarumbeta kubwa za sauti nzito.

Ngoma huwa katikati au nyuma, ili sauti yake iwafikie wote. Mpiga ngoma kubwa hutambulikana kwa urahisi, maana mara nyingi huvaa ngozi ya chui au ya mnyama mwingine kifuani. Watu wengi hudhani ngozi hiyo ilibuniwa Afrika. Sivyo. Ni desturi ya majeshi ya Kiingereza tangu zamani, na faida yake ni kuilinda nguo ya mpigaji isichakazwe na ngoma inayosugua kifua chake kila hatua. Ubavuni mwake husimama mpiga matoazi, yaani sahani mbili za shaba zigonganishwazo.

Basi msomaji akiulizwa babu yake alikuwa nani katika bendi, mahali aliposimama pichani pamweza kumpa jibu, hata kama chombo chenyewe hakionekani vema.

ASILI YA VYOMBO

Bendi ya askari huitwa ya kizungu, lakini sehemu yake kubwa haikutoka Ulaya. Ngoma kubwa na matoazi vilitoka kwa majeshi ya Waturuki. Masultani wa Uturuki walikuwa na wapiga muziki waliotembea na majeshi yao, na katika karne ya 18 wafalme wa Ulaya, waliovutiwa na kishindo chao, waliviiga vyombo hivyo. Ndipo ngoma kubwa ilipoingia Uingereza, na kutoka huko ikaja Afrika. Hivyo kilichofika Nairobi au Kisumu kikiwa ni desturi ya Kiingereza kilikuwa kimekwisha kupita katika mikono ya mataifa mengi.

Buruji ni bomba la shaba lililopindwa tu. Halina kibonyezo chochote. Mpigaji hubadili sauti kwa midomo na pumzi, na sauti anazozitumia katika amri za jeshi ni kama tano tu. Ndiyo maana wito wote wa buruji hufanana kidogo. Tarumbeta yenye vibonyezo ilipatikana baada ya mafundi wawili wa Ujerumani, Stölzel na Blühmel, kubuni vibonyezo hivyo na kupata hati ya serikali mwaka 1818. Kibonyezo kikikandamizwa, pumzi hupita katika bomba la ziada. Bomba likiwa refu zaidi, sauti hushuka. Saksofoni ni changa zaidi: Adolphe Sax, mtu wa Ubelgiji, aliandikisha chombo hicho mwaka 1846.

Mtu wa Kisii hakosi mfano wa kuelewa jambo hili nyumbani kwake. Obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii, kina nyuzi nane, na kila uzi una sauti yake. Uzi mrefu na mnene hutoa sauti nzito. Uzi mfupi uliokazwa hutoa sauti nyembamba. Kanuni ya bomba la tarumbeta ni hiyo hiyo. Aliyekulia penye obokano hakwenda jeshini akiwa mjinga wa muziki. Alikwenda kujifunza chombo kingine chenye sheria anazozijua masikio yake.

HATUA 120 KWA DAKIKA

Mwendo wa kawaida wa haraka wa askari wa miguu wa Kiingereza ulihesabiwa kuwa hatua 120 kwa dakika, kila hatua inchi 30, yaani kama sentimita 76. Msomaji aweza kufanya hesabu mwenyewe. Hatua 120 mara inchi 30 ni inchi 3,600, ambazo ni yadi 100. Basi kila dakika kikosi kilikwenda yadi 100, na kwa saa moja bila kupumzika yadi 6,000, karibu kilomita tano na nusu. Ofisa aliyejua umbali wa safari aliweza kujua saa ya kufika kwa kuitazama saa yake tu, maadamu ngoma haikukosea.

Pigo kubwa la ngoma huangukia mguu wa kushoto. Kwa hiyo katika picha nzuri ya bendi iendayo, miguu yote ya kushoto iko mbele pamoja au yote iko nyuma pamoja. Lakini ikiwa picha inaonyesha kikosi kirefu kinachofuata bendi, msomaji aweza kuona jambo la ajabu: askari wa nyuma sana hawaendi sawa na wa mbele. Si uvivu wala ujinga. Sauti husafiri kama mita 340 kwa nukta moja. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua huchukua nusu nukta, na katika nusu nukta sauti imekwenda mita 170. Askari aliye mita 170 nyuma ya ngoma husikia pigo likiwa limechelewa hatua nzima. Akiifuata ngoma kwa uaminifu, ataweka mguu wa kushoto chini wakati wa mbele wanaweka wa kulia. Ndiyo sababu katika gwaride kubwa bendi haiwekwi siku zote mbele kabisa. Yaweza kuwekwa katikati ya vikosi, au ngoma zikagawanywa.

ALAMA ZA KUJUA MWAKA

Nyuma ya picha kukiwa hakuna maandishi, ziko alama zinazoweza kusaidia kukisia wakati wake. Kwanza, na itafutwe ngoma kubwa. Mara nyingi ubavu wake huwa umepakwa rangi na kuandikwa jina au nambari ya kikosi. Kioo cha kukuza kinachotumika kusomea maandishi madogo hutosha kwa kazi hii.

Pili, na itazamwe taji iliyochorwa kwenye ngoma au kwenye beji. Taji ya wakati wa wafalme waliotawala nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa na mgongo wa mviringo kama kuba. Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa mwaka 1953 taji iliyotumika katika beji ilibadilishwa. Ile mpya imebonyea katikati, chini ya msalaba. Beji hazikubadilishwa zote siku moja, lakini picha yenye taji iliyobonyea haiwezi kuwa ya zamani za Vita Kuu ya Pili.

Tatu, na zitazamwe nishani. Askari akivaa nishani iliyotolewa kwa waliopigana Burma, picha haikupigwa kabla ya mwaka 1945, maana nishani hiyo ilianzishwa mwaka huo.

Nne, na zitazamwe miguu na fimbo za ngoma. Zikiwa na ukungu huku nyuso zikionekana vizuri, bendi ilikuwa inakwenda. Kila kitu kikiwa wazi, ama walisimama makusudi ili wapigwe picha, ama mashine ilikuwa yenye kasi. Vivuli navyo vyasema: kivuli kifupi chini ya miguu ni cha adhuhuri, kivuli kirefu ni cha asubuhi au jioni.

Jambo moja huwadanganya wengi, nalo ni rangi. Askari wa Keya walivaa tarbushi kwa miaka mingi, na mjukuu akiona tarbushi nyeusi pichani husema kwamba zilikuwa nyeusi. Lakini bamba na filamu nyingi za zamani hazikuweza kuona rangi nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi, na kitu cha samawati kilitoka cheupe. Filamu zilizoweza kuona rangi zote zilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini zilichukua miaka mingi kabla ya kuenea kwa wapiga picha wa kawaida. Kwa hiyo nguo iliyo nyeusi katika picha ya kale huenda ilikuwa nyekundu kama damu, na macho ya mzee aliyekuwapo ni shahidi bora kuliko karatasi.

PICHA ISEMAYO NA ISIYOSEMA

Picha ya gwaride ilipigwa kwa kusudi. Gwaride lilifanywa siku ya kuzaliwa kwa mfalme, au alipokuja mgeni mkubwa, ili watu waone mpango, nguvu na fahari. Mpiga picha alichagua mahali pazuri na saa nzuri. Hakugeuza mashine upande wa watu waliosimama kando ya uwanja. Kwa hiyo anayesoma picha yapasa ajiulize pia habari za upande usioonekana.

Katika nchi ya Gusii habari hizo si ndogo. Miaka kabla ya bendi yoyote kupendeza macho ya watu, askari wa Keya walifika Kisii kwa kazi nyingine. Mwaka 1905 serikali ilipeleka kikosi kuwapiga Abagusii. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote, ambaye hakufa. Kikosi kikaletwa tena. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu zaidi ya mia moja wakauawa. Mauaji hayo yalikuwa makubwa hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni mjini London, aliyalalamikia.

Septemba 1914, Vita Kuu ilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka wakauingia mji wa Kisii. Tarehe 12 Septemba askari wa Keya waliotoka Kisumu walipigana nao karibu na mji. Kapteni Thorneycroft aliyewaongoza aliuawa, na Wajerumani wakarudi kwao. Wenyeji waliodhani kwamba utawala wa kizungu umekwisha walichukua mali iliyoachwa mjini, na baadaye waliadhibiwa kwa kunyang'anywa ng'ombe. Kisha wanaume wengi wa Gusii walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Katika Afrika ya Mashariki yote wapagazi wa Waingereza walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, walizidi 40,000. Mitaa ya Kariakor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam ilipata majina yake kutokana na jeshi hilo la wapagazi. Wao hawakuwa na bendi, na picha zao ni chache.

Je, basi mjukuu amwonee haya babu yake kwa sababu alipiga tarumbeta katika jeshi hilo? Jambo hili ni zito, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Wengine walijiunga kwa ajili ya mshahara na kodi ya kibanda, wengine waliamriwa, wengine walitaka kuiona dunia. Mtu mmoja aweza kuwa alipenda muziki wake kwa moyo wote, na huku akijua yaliyompata baba yake mwaka 1908. Picha haiwezi kueleza yaliyokuwa moyoni. Iliyo haki ni kuyasimulia mambo yote mawili pamoja, fahari ya gwaride na machungu ya nchi, bila kulificha moja kwa ajili ya jingine.

BENI YA WANANCHI

Wananchi nao hawakukaa kuitazama bendi tu. Huko pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu walianza ngoma iliyoitwa beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Freretown, karibu na Mombasa, makao ya watumwa waliofunguliwa, palikuwa na bendi ya tarumbeta, na Unguja Sultani Barghash alikuwa na bendi ya wapigaji kutoka Goa. Vijana waliviona vyote hivyo, wakavigeuza kuwa vyao. Walikuwa na wafalme, majenerali na makapteni wao wenyewe. Walipanga safu, walivaa nguo za gwaride, na walishindana mji kwa mji. Vyama viwili vilivyokuwa mashuhuri viliitwa Marini na Arinoti.

Vita Kuu ya Kwanza iliieneza beni mbali. Askari na wapagazi waliporudi kwao waliichukua, hata ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Wengine waliicheka wakisema ni kuiga tu. Lakini mtu anayejiita jenerali mbele ya serikali isiyompa cheo hata cha luteni anasema neno, ingawa hakufungua kinywa.

Bendi za jeshi nazo zilipokea mambo ya wananchi. Wimbo uitwao Funga Safari, ulio wa Kiswahili, ulikuwa mashuhuri kabisa katika jeshi la Keya. Mwendo ulikuwa wa Ulaya; maneno yalikuwa ya askari wenyewe.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, batalioni za Keya zilizokuwa za Kenya, yaani ya 3, ya 5 na ya 11, ziligeuka kuwa Kenya Rifles. Wimbo wa taifa, Ee Mungu Nguvu Yetu, ulitungwa juu ya sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Hivyo tarumbeta zilizokuwa zikiusifu ufalme wa mbali zilianza kupiga sauti ya mama wa Mto Tana.

JINSI YA KUITUNZA

Kisii ni nchi ya mvua; kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500. Unyevu huo ni neema kwa migomba na majani ya chai, lakini ni adui wa picha. Huleta ukungu, huziganisha picha, na huwaita wadudu wala karatasi. Mambo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Picha ishikwe pembeni kwa mikono safi na mikavu. Mafuta ya vidole huacha alama zisizotoka.

2. Isitundikwe penye jua wala karibu na moshi wa jikoni. Iwekwe mahali pakavu, juu, mbali na sakafu.

3. Isibandikwe kwa gundi, wala isitiwe pini, wala isiunganishwe kwa utepe wa kunata. Vyote huharibu karatasi baada ya miaka.

4. Kila picha iwekwe katika bahasha yake ya karatasi, isisuguane na nyingine.

5. Picha ikiwa imegandama kwenye kioo, isivutwe kwa nguvu. Ni afadhali ipigwe picha nyingine ikiwa hapo hapo.

6. Itolewe nakala, na nakala zigawiwe kwa ndugu wa mahali mbalimbali, ili nyumba moja ikipatwa na moto au mvua, picha isipotee yote.

7. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, polepole, bila kukandamiza. Wino hupenya ukatokea usoni.

Jambo la saba ndilo kubwa kuliko yote, nalo halina budi kufanywa mapema. Njia iliyo bora ni kuchukua karatasi nyingine, kuchora juu yake mistari ya vichwa kama vilivyo pichani, na kukipa kila kichwa nambari. Kisha mwenye picha aende kwa wazee, mmoja mmoja, asiwakusanye pamoja, maana mzee mwenye sauti kubwa huwanyamazisha wengine. Aulize: Huyu ni nani? Alitoka wapi? Alipiga chombo gani? Alirudi nyumbani? Kila jibu liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, majibu yote mawili yaandikwe, wala lisifutwe hata moja. Na asiyejulikana aachwe na nambari yake tu. Asipewe jina la kubuni, kwa kuwa jina la uongo ni baya kuliko nafasi tupu. Nafasi tupu yaweza kujazwa kesho. Uongo huzuia mtu asitafute.

Nyanya wa Kiogoro aliyetajwa mwanzoni alikumbuka mtu mmoja tu. Lakini mmoja si haba. Akiandikwa leo, wa pili katika safu ya nyuma, mwenye tarumbeta, hapo ndipo kazi inapoanzia. Huenda katika nyumba nyingine, ng'ambo ya pili ya mlima au katika wilaya nyingine kabisa, iko nakala ya picha ile ile, na yuko nyanya mwingine amjuaye mpiga ngoma. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nyuso za watu ni mali ya namna hiyo.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Kwa nini wapiga tromboni huwekwa katika safu ya mbele?

2. Kikosi kinakwenda hatua 120 kwa dakika, kila hatua inchi 30. Kitachukua dakika ngapi kwenda maili moja, yaani yadi 1,760?

3. Askari aliye mita 85 nyuma ya ngoma husikia pigo likiwa limechelewa kwa sehemu gani ya hatua?

4. Kwa nini tarbushi nyekundu yaweza kuonekana nyeusi katika picha ya kale?

5. Katika nyumba yako, ni picha ipi isiyo na majina, na ni mzee yupi aliye hai awezaye kuyataja?